Njia ya Vigae Mlangoni kwa Lalla Khnata

Ijumaa, 2 Oktoba

Shemeji yangu Abdelhay amekula kuskusi yangu sahani mbili, akajifuta midomo, kisha akanitangazia vita.

"Shemeji Zhor, nasema kwa heshima. Msimu huu maji yakiingia tena chumbani kwa mama, hata ya kulowesha soksi tu, nakuja na gari nampeleka kwangu Tanja."

"Kwenye ghorofa yako ya nne? Mtu anayeshika ukuta kupanda kizingiti?"

"Kuna lifti."

"Inafanya kazi?"

Akaangalia sahani.

Mama yake, Lalla Khnata, alikuwa akitoa zabibu kavu kwenye kuskusi na kuzipanga ukingoni mwa sahani, moja moja, nizione. Zabibu nyingi ni mapishi ya watu wa milimani. Mtu wa milimani ni mimi. Nimeolewa Tetouan miaka thelathini na moja, nimemzika mwanawe Driss, mume wangu, nikiwa nimemshika mkono mama mtu, na kwake bado nimeshuka mlimani jana.

Mambo yako hivi. Ghorofa ya juu nimeijenga mimi, juba baada ya juba, kwa cherehani iliyoanza ikiwa moja na sasa ni tatu. Sikupewa tofali na mtu. Chumba cha chini alikijenga marehemu baba mkwe, na ukuta wake ni udongo ulioshindiliwa, mnene kuliko mkono wangu ulionyooshwa. Ukiwa mkavu ni jiwe. Ukilowa miguu ni biskuti kwenye chai. Lango letu liko juu kilimani, nyumba iko chini, na kati yake kuna njia ya udongo ipitayo bustanini ambayo kila majira ya baridi hugeuka mto. Februari iliyopita mto uliingia kwa Lalla Khnata bila kubisha hodi.

Akiondoka yeye, chumba cha chini ni fungu la Abdelhay. Atakiuza. Nitashona maisha yangu yaliyobaki juu ya mgahawa wa samaki.

Kwa hiyo njia itawekwa vigae, na maji yatafundishwa adabu kabla mvua haijaanza.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimepima peke yangu kwa mpira wa maji wa kupimia usawa. Kutoka lango hadi kizingiti ni mita kumi na tisa, na ardhi inashuka sentimita tano kila mita. Ni nyingi. Maji yatakuja mbio, na kitu kinachokuja mbio hakisimamishwi na mlango.

Mpango: mita kumi na sita za kwanza zinashuka na kilima. Mita tatu za mwisho zinapanda kuelekea mlangoni, sentimita mbili kila mita. Sita kwa jumla. Maji yakifika pale chini yakute kimlima, yashindwe, yapinde kushoto yaingie kwenye kitalu cha mlimau.

Nimeuchora juu ya karatasi ya kukatia mitindo. Unapendeza kama mkono wa kaftani.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemchagua fundi mwenyewe. Anaitwa Tuhami, mtu wa medina, mji mkongwe, nyua za ndani amezitandaza vigae tangu ana nywele. Nimeuona ua wa wakili mmoja aliyekufa, kazi ya Tuhami: ukimwaga ndoo, ukimaliza kufuta jasho hakuna tone.

"Lalla, mpira wa kupimia umekuja nao mwenyewe," alisema langoni, maana kwa mafundi kila bibi ni Lalla. "Na mwiko umenunua, au huo niruhusiwe kuleta?"

"Mwiko lete. Kupima napima mimi."

"Marehemu mume wako alikuwa fundi?"

"Alikuwa karani wa posta. Mimi ni mshonaji. Nikikosea sentimita mbili, mtu hapumui."

Akacheka, akautazama mchoro wangu ukiwa umegeuzwa juu chini, akaugeuza. "Sawa. Na tundu la maji tunaliweka wapi?"

"Tundu la nini? Hii ni bustani. Maji yanakwenda kwa mlimau."

"Upendavyo, Lalla."

Nikajua anatafuta kazi ya ziada. Nawajua.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kokoto zimefika. Lalla Khnata ametoa kigoda mlangoni na kukalia hukumu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Vigae vimefika. "Rangi ya ini," amesema Lalla Khnata.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mita saba. Kila jioni fundi akiondoka naweka pimamaji na rula kuufuata urefu wa njia, tangu lango hadi alipoishia. Tano, tano, tano, nne na nusu, tano. Ile nne na nusu nitamuuliza.

Upepo wa gharbi, uletao mvua kutoka baharini, ulivuma kidogo alasiri. Nilitoka nikatazama mlima. Kilele kilikuwa wazi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nusura nipige kelele hadi msikitini wanisikie. Nimerudi kununua uzi nikamkuta Lalla Khnata katikati ya njia mpya, kandambili miguuni, sketi ameichomeka kiunoni, anamwaga ndoo. Ijumaa ni siku yake ya kuosha sakafu, tangu ni bibi harusi, na vigae vipya kaona ni sakafu.

"Mama! Saruji haijashika!"

"Maji yanakuja kwangu."

"Lazima yashuke, mama. Kilima kinashuka."

"Mimi sikusema yanashuka. Nimesema yanakuja kwangu."

Nikamnyang'anya ndoo kwa adabu. Adabu ilikuwa kidogo.

Jumatano, 28 Oktoba

Mita kumi na nne. Mawingu upande wa bahari. Fundi hakuja, jino.

Alhamisi, 29 Oktoba

Jino.

Jumanne, 3 Novemba

Imekwisha. Nimepima mara mbili. Mita kumi na sita chini, mita tatu juu, sita kamili mpaka kizingiti. Fundi ameweka pia ukingo pande zote mbili, umenyanyuka vidole viwili, safi kama pindo. Sikumwagiza, lakini unapendeza. Nimempa chai ya nanaa na keki za lozi, na akala kama mtu ambaye jino halijawahi kumwuma.

"Tuhami," nikamwambia, "hii hata mvua ya Nuhu."

"Ya Nuhu sijui. Ya Tetouan, inshallah."

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 6 Novemba

Ndoo tena. "Yanakuja kwangu. Katikati, kama nyoka."

Jioni nilikuwa nashuka ngazi nikamsikia kwenye simu na Abdelhay. Wanaongea kila siku baada ya magharibi. "Ndiyo, mwanangu, maji yanakuja," alikuwa akisema. "Nimemwambia. Yanakuja kwangu."

Nikarudi juu nikaketi kwenye cherehani bila kuikanyaga. Kumbe ni hivyo. Nimevunja mgongo kumwekea ukuta wake mkavu, na yeye anahesabu siku za kwenda kukaa na mwana. Nyumba hii nimeishi na mpelelezi.

Jumatano, 11 Novemba

Manyunyu. Dakika chache tu. Nilisimama chini ya mwavuli nikiangalia njia.

Vigae vilikauka haraka pembeni. Katikati ulibaki mstari wa maji, mwembamba, umenyooka kutoka lango hadi mlangoni.

Kama nyoka.

Alhamisi, 12 Novemba

Sikungoja kupambazuke vizuri. Nimechukua pimamaji, safari hii nikaiweka kukata njia, siyo kuufuata urefu. Povu likakimbilia pembeni. Nikaweka mita moja mbele. Likakimbia. Kila mahali. Katikati ni chini kuliko pembeni kwa sentimita tatu, tangu lango hadi mwisho.

Nilipima urefu kila jioni. Upana sikuupima hata siku moja.

Nimemfuata Tuhami medina, nikamkuta amepiga magoti kwenye ua wa mtu.

"Njia yangu ina bonde katikati!"

"Bila shaka ina bonde katikati." Hata hakunyanyuka. "Unataka liwe wapi?"

"Kushoto! Maji yaende kwa mlimau!"

"Lalla, mimi naweka ua. Ua maji yanakwenda katikati, tunduni. Pembeni unaweka ukingo, maji yasiguse kuta. Babu yangu aliweka hivyo. Nilikuuliza tundu liko wapi, ukasema hakuna tundu."

"Nilikwambia ni bustani!"

"Na mimi nikasema upendavyo!"

Mwenye nyumba alichungulia toka juu, akarudi ndani. Tuhami akakaa chini, akaangalia viganja vyake vyote viwili. "Wallahi hata sikufikiri," alisema. "Mkono unakwenda wenyewe."

Kwa hiyo hesabu ni hii. Nimejenga mfereji wa mita kumi na sita wenye kingo mbili, unaomwaga kwenye bakuli lililo mbele ya mlango wa Lalla Khnata. Bakuli lina kina cha sentimita sita. Baada ya hapo ni kizingiti, kisha godoro lake.

Atang'oa na kuweka upya. Lakini ua alio nao hawezi kuuacha wazi, na akija anataka siku kavu mfululizo. Amesema Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, Desemba.

"Mwezi mzima, Tuhami!"

"Omba jua."

Lalla Khnata sikumwambia. Angemwambia mwanawe kabla chai haijachemka.

Jumatatu, 16 Novemba

Jua.

Ijumaa, 20 Novemba

Jua. Ndoo. "Yanakuja kwangu." Nimesema, "Nimesikia, mama." Akanitazama sana.

Jumanne, 24 Novemba

Mvua ndogo. Bakuli lilijaa sentimita moja na nusu, nikalichota kwa kikombe kabla Lalla Khnata hajatoka. Nashona huku sikio liko juu ya paa. Leo nimekata mkono wa kushoto mara mbili kwenye juba moja. Haijawahi kunitokea.

Jumapili, 29 Novemba

Nimeshona mifuko kumi na mbili kwa mabaki ya pamba nzito, nikaijaza mchanga na kuificha nyuma ya kuni. Lalla Khnata ameuliza cherehani ilikuwa inashona nini usiku kucha. Nimemwambia mito.

"Ya nani, wafungwa?"

Ijumaa, 4 Desemba

Sentimita tatu. Nimechota. Kuskusi niliiunguza. Abdelhay amepiga simu kuuliza hali ya hewa ya Tetouan, kana kwamba Tanja hakuna madirisha.

Jumatano, 9 Desemba

Gharbi. Kilele hakionekani. Zimebaki siku tatu Tuhami aje.

Alhamisi, 10 Desemba

Naandika nguo zikiwa bado zimelowa.

Ilianza adhuhuri. Siyo kwa matone, kama mtu aliyepindua sinia. Nilishuka mbio, nikapanga mifuko mlangoni kwa Lalla Khnata, sita chini, sita juu. Yeye alikuwa ndani akiswali. Nikatoka na ndoo nikaanza kuchota bakulini na kumwaga kwenye kitalu. Nilichota, maji yakaja. Nikaongeza mwendo, na yenyewe yakaongeza. Njia nzima ilikuwa mfereji wa rangi ya chai ya maziwa, umenyooka kama nilivyoupima, hauendi kushoto wala kulia, unakuja. Nilisimamisha rula ukutani. Nne. Nikachota. Tano. Nikachota. Mfuko mmoja ukalegea, maji yakapata pa kupita, nikasikia sauti yake ndani, sauti ndogo ya kitu kinachotambaa juu ya sakafu.

Mlango ukafunguliwa. Lalla Khnata akavuka mifuko yangu akiwa ameshika fagio lake la mpira la kusukumia maji, amelowa mpaka vifundo vya miguu tayari.

"Ndiyo mito yenyewe hii?"

"Rudi ndani, mama, utaanguka!"

"Ndani ndiko maji yaliko. Nirudi nikaogelee?" Akanyoosha fagio kushoto, kwenye ukingo. "Vunja hapa."

Nilielewa mara moja, na nikasimama. Ukingo ule ukivunjwa, maji yote ya kilima yanaingia kwenye kitalu cha mlimau, na kitalu hakina pa kutolea. Mlimau haustahimili kusimama majini.

"Mama, huo ni mlimau wa Driss."

"Najua ni wa nani. Niliupanda mimi alipotimiza siku arobaini, nikiwa nimembeba. Vunja, Zhor!"

Nadhani ni mara ya kwanza kuniita kwa jina bila kulitanguliza na mlima. Nikachukua shoka la kuni. Pigo la kwanza liliruka. La pili likapasua kigae. Niliendelea hata sikumbuki, nikang'oa vipande kwa mikono, ukingo na safu tatu za vigae na saruji ya chini, yeye akinipigia kelele, "Chini zaidi! Hapo panapanda! Chini!" mpaka maji yakageuza shingo. Yaligeuka yote kwa pamoja, yakaangukia kitalu kizima, na bakuli likashuka mbele ya macho yetu.

Tulipoingia, chumba kilikuwa na maji ya kufunika vidole vya miguu. Tukasukuma nje, yeye na fagio, mimi na shuka zake mwenyewe. Ukuta umelowa chini, upana wa kiganja. Tulipomaliza tukaketi juu ya godoro tulilokuwa tumelipandisha juu ya meza, tukinywa chai.

"Nilikwambia yanakuja kwangu," alisema.

"Nilidhani unamwambia Abdelhay ili aje akuchukue."

"Abdelhay?" Akaweka bilauri chini. "Nilimwambia maji yanakuja kwangu, lakini Zhor anatoka kila jioni na mirula yake, hatalala mpaka ayashinde. Wewe ulikuwa kwenye ngazi?"

Nikammiminia chai.

"Ukasikia nusu ukapanda. Hata kusikiliza mlangoni watu wa milimani hamjui."

Mvua bado inanyesha. Maji yanakwenda kitaluni. Kesho ni Ijumaa, na Abdelhay amesema anakuja.

Ijumaa, 11 Desemba

Alfajiri nimeupapasa ukuta. Baridi, umelowa, lakini haujalainika. Nimewasha majiko mawili ya mkaa na kufungua dirisha. Sakafu bado ina unyevu na chumba kinanuka kisima. Hakuna mkaa wa kukausha hilo kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno yangu: yaliingia, kosa ni la njia, kosa la njia ni langu, mchukue.

Abdelhay alipofika alikuta mama yake amekaa mlangoni kwenye kigoda, sketi kiunoni, ndoo tupu mbele yake, fagio la mpira mapajani. Hata mimi sikumwona alivyojipanga.

Akaingia chumbani. Akachuchumaa, akaweka kiganja ukutani.

"Mama, ukuta umelowa."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Na Ijumaa watu wasafi hufanya nini, au Tanja mmeacha?"

"Kuosha sakafu siyo kuosha ukuta, mama."

"Mkono unatetemeka. Nimemwaga ovyo. Niite polisi au utawaita wewe?"

Akatoka, akasimama mbele ya ukingo uliovunjwa na kitalu kilichojaa maji, mlimau umesimama ndani yake kama mtu aliyepotea njia. "Na hii?"

"Sikuipenda ilivyokaa," alisema Lalla Khnata.

Abdelhay alinitazama. Nikatazama kuskusi. Zabibu nilizitia chache leo, na hakuna aliyetoa hata moja.

Alipokuwa akiondoka nilimsindikiza hadi langoni. Alitembea pembeni mwa njia, akikwepa katikati. "Shemeji," alisema bila kugeuka, "njia hii rekebisha upesi." Kisha akasema, "Lifti haijafanya kazi tangu Ramadhani." Nikaona kichwa chake nyuma kina upara ambao sikuwa nimeuona, kama ambao Driss angekuwa nao angeishi.

Jumamosi, 12 Desemba

Tuhami amekuja siku aliyosema, nilikuwa nimejiandaa kumtukana asipokuja. Ameugonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole, sikio limegusa udongo. "Umeshtuka tu," amesema. "Uache upumue." Jambo la kwanza tumechimba mfereji wa kutoa maji kitaluni.

Jumamosi, 19 Desemba

Ukingo wa kushoto umeondolewa wote. Kulia juu, kushoto chini, sentimita mbili kila mita ya upana. Tuhami anaweka safu, na mkono wake unarudi katikati. Namwona. Anasukuma kigae kwa kidole gumba na kigae kinainama kwenda bondeni, kama punda anayejua nyumbani.

"Katikati, Tuhami."

"Nimeona."

"Katikati tena."

"Lalla, nimeona!"

Mlimau umeangusha majani, zaidi ya nusu. Lalla Khnata anayafagia, asubuhi na jioni.

Jumatano, 23 Desemba

Mvua, hatukufanya kazi. Tuhami amekula bissara, supu nzito ya maharagwe, kwetu na kubishana na Lalla Khnata ni familia gani ilikuwa na ua bora medina.

Jumanne, 29 Desemba

Imekwisha. Nimepima urefu. Nimepima upana. Tuhami naye kapima upana baada yangu, kwa kunikomoa.

Alhamisi, 7 Januari

Gharbi na mvua kubwa, tangu asubuhi mpaka magharibi. Nilikaa juu na cherehani. Nilijilazimisha. Mara tatu nilifika mlangoni, mara tatu nikarudi. Jioni nilishuka nikakuta taa ya Lalla Khnata imezimwa na yeye anakoroma.

Ijumaa, 8 Januari

Jua. Nilimkuta ameshajaza ndoo lakini hajaiinua, amesimama nayo mlangoni. Anasema mkono. Nikaibeba mpaka langoni, yeye akabaki chini kwenye kigoda.

"Nimwage, mama?"

"Uliibeba uitembeze?"

Nikamwaga. Maji yalishuka hatua mbili tatu, yakainama kushoto yote, taratibu, kwa upana wa njia, yakapotea kwenye kokoto kandoni mwa kitalu. Huko chini vigae vilibaki vikavu, rangi ya ini.

"Yanakuja kwako?" nikauliza kwa sauti.

Alikuwa ametazama mlimau. Kwenye tawi la chini, upande wa ukuta, kulikuwa na majani mapya mawili matatu, madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

"Yanakwenda kwa Driss," alisema. "Lete ndoo nyingine."